Ukanda wa Hewa na Kuni za Mzazi

Vijana wa kituo cha kupima hewa mmeniomba niandike kumbukumbu zangu kabla sijazisahau. Nimekubali, ila sitaandika nilipanda cheo lini wala nani alinipandisha. Hayo yako kwenye faili, na faili zitaishi kuliko mimi. Nitaandika yasiyo kwenye faili: jinsi ya kushika kichujio, jinsi ya kungoja, na jinsi ya kumpa mtu jibu ambalo hakulitaka. Hilo la mwisho mimi sikufundishwa chuoni, na sidhani nanyi mmefundishwa.

Siku yangu ya kwanza Voi nilivaa blauzi nyeupe. Mkuu wangu, Bwana Mwandoe, alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyecheka upesi. Alinitazama kuanzia kola mpaka mikono.

"Kesho vaa ya kahawia," akasema. "Hii ni Voi."

"Sawa, Bwana."

"Na mikononi umepaka nini?"

"Mafuta tu. Haya ya watoto."

"Hayo yana zinki. Ukigusa kichujio changu, wanaovisoma kule ng'ambo watadhani Voi tumefungua kiwanda. Nenda ukanawe, Wakesho."

Nilinawa. Akanirudisha, nikanawa tena. Nilipomaliza mara ya tatu alinipa kibano cha plastiki na kunieleza kwamba hakuna mkono unaogusa kichujio, hata uwe safi namna gani. Nilimuuliza kwa nini basi ameninawisha hivyo. Akajibu, "Ili ukumbuke." Nimekumbuka. Hadi leo, mjukuu wangu akinipa chapati, mkono wangu unatafuta kibano kwanza.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Hewa tunayovuta si tupu. Ndani yake mna chembe ndogo mno za udongo, moshi, chumvi ya bahari, masizi ya malori. Pampu yetu ilivuta hewa ikaipitisha kwenye kichujio chembamba kama ganda la ndani la kitunguu, na chembe zikabaki juu yake. Kazi yangu ilikuwa kuweka kichujio, kukitoa, kukifunga, na kuandika nilichoona: upepo ulitoka wapi, nani alichoma takataka, lori gani liliharibika karibu. Kila safari tulibeba kichujio kimoja ambacho hatukukivutia hewa hata kidogo. Kilipanda juu ya paa pamoja na vingine, kikafungwa na kusafirishwa pamoja navyo. Wageni walituuliza kwa nini tunasumbuka na kisicho na kitu. Tulifanya hivyo kwa sababu uchafu ukionekana hata kwenye hicho kitupu, tutajua umetoka kwetu, si hewani. Msije mkakiacha hicho kitupu nyumbani hata siku mmoja wenu akiwa na haraka. Bila hicho hamna ushahidi, mna maoni.

Vichujio vilikwenda ng'ambo, kwa kuwa mashine ya kuvisoma hatukuwa nayo. Nilipelekwa kuiona mara moja, na nitawaeleza nilivyoelezwa. Ni mashine ndefu kama behewa la treni. Mwanzoni mwake gesi ya hidrojeni inavuliwa elektroni, inabaki protoni, chembe ndogo sana yenye chaji. Umeme wa nguvu nyingi unazisukuma protoni hizo ndani ya bomba lililoondolewa hewa, mpaka zinatoka kwa kasi kubwa kama mwale mwembamba. Mwale ukigonga kichujio, atomu za vumbi zinatikisika ndani kwa ndani, na zikitulia kila moja inatoa eksirei. Hapo ndipo penye uzuri wote. Eksirei ya chuma haifanani na ya kalisi, wala ya kalisi haifanani na ya potasiamu. Kila elementi ina yake na haibadiliki, iwe imetoka Mwatate au imetoka mwezini. Kifaa kinazihesabu na kuchora mstari wenye vilima. Kilima kikiwa pale pa chuma, kuna chuma. Kikiwa kirefu, kuna chuma kingi. Kichujio hakiungui wala hakiyeyushwi, na mnaweza kukisoma tena mwakani kama mna shaka.

Siku hiyo waliweka kichujio cha Voi, nilichokitoa mwenyewe kwenye paa la tangi. Kilima cha chuma kikapanda, kikapanda, mpaka fundi wa pale akaniuliza kama nilikiangusha chini. Nikamwambia hapana, huo ni udongo wetu tu, ndivyo tulivyo. Nilitazama kilima kile kikipanda katika nchi ya baridi nikakaribia kulia, na sikuona aibu.

Mtambue pia mashine hii isichokiona. Kwa njia hii haioni kaboni, yaani masizi yenyewe. Ndiyo maana moshi wa kuni tunautafuta kwa potasiamu, kwa kuwa mti ukiungua potasiamu yake hupanda na moshi. Na kuna elementi ambazo eksirei zake zinakaribiana. Risasi, ile metali nzito ya kwenye betri, ina kilima kinachokaa karibu pale pale pa arseniki, sumu nyingine. Bwana Mwandoe alinikataza kusema "risasi" kabla sijaona kilima chake cha pili, kilichoko mbele zaidi, ambacho arseniki haina. Alisema mtu anaweza kufungwa kwa kilima kimoja.

Chombo nilichokipenda kuliko vyote ni kile cha ukanda. Kichujio cha kawaida kinakupa siku nzima imechanganywa kama githeri ya mahindi na maharage. Ukanda ni tofauti. Ni kichujio kirefu kinachozungushwa polepole na saa mbele ya mdomo mwembamba wa pampu, hivi kwamba vumbi la asubuhi linakaa mahali pake na la jioni mahali pake. Mwale ukipita juu yake hatua kwa hatua, unasoma saa baada ya saa, juma zima. Nikaanza kuona watu. Alfajiri potasiamu inapanda: mioto ya chai. Muda mfupi baadaye silikoni na chuma vinaruka ghafla, upepo ukiwa umelala. Nilidhani ni kasoro ya chombo. Bwana Mwandoe alicheka, mara moja katika zile chache.

"Hapo Mraru wanafagia," akasema.

Na kweli, katika kijiji hicho cha Mraru kila uwanja kando ya barabara ya Taveta unafagiwa kabla jua halijapanda. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kuona mstari wenye vilima bila kumwona mwanamke ameinama na ufagio.

Bwana Mwandoe alistaafu akarudi shambani kwake Ronge, kituo nikaachiwa mimi. Ndipo likaja jambo ambalo hasa limenifanya nishike kalamu.

Asubuhi moja wanawake waliingia ofisini, wengi kuliko viti. Walitoka kijiji kimoja kando ya barabara ile, ukishapita Mraru, ambacho sitakitaja jina. Mbele yao alikuwa Mghoi. Kama hamkumjua Mghoi, mfikirieni mama wa miaka sitini mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka bonde la pili, ambaye hakuna harusi wala matanga yaliyofanyika bila yeye kugawa kazi. Alikuwa na kawaida ambayo kijiji kizima kiliifuata: mwanamke akijifungua, hatoki nje mpaka arobaini iishe, na katika muda huo haokoti kuni wala hateki maji. Mghoi ndiye aliyepanga zamu. Mkristo au Mwislamu, mwenyeji au mgeni wa bara, mzazi alipelekewa uji, maji na kuni.

"Dada," akaniambia, "watoto wetu wachanga wanaisha."

Alieleza. Watoto walikuwa wakitapika, wakikataa titi, wakishikwa na degedege. Mama zao nao walilalamika tumbo na kichwa. Mmoja, mtoto wa Saumu, alikuwa amezikwa. Saumu alikuwa pale pale, msichana wa Taveta aliyeolewa kijijini, amekaa karibu na mlango na mtandio umemfunika mdomo.

Hospitalini daktari alishuku sumu ya risasi, akachukua damu za watoto waliobaki, akauliza swali ambalo daktari yeyote angeuliza: je, kuna mtu anayefanya kazi ya betri karibu na kwenu? Swali hilo lilirudi kijijini likiwa jibu. Kwa maana alikuwepo. Mutua, fundi wa kutengeneza betri za malori, alikuwa na kibanda kando ya barabara tangu ujana wake. Vijana walikwisha kumtishia. Chifu aliwazuia, akawaambia wangojee kipimo.

"Tupimie," Mghoi akasema. "Ukituambia ni yeye, ataondoka kwa amani. Vijana wakichoka kungoja, ataondoka vibaya."

Nilimwendea Mutua kabla ya kuweka chombo, kwa kuwa si vizuri kumpima mtu kwa siri. Alikuwa amekaa mbele ya kibanda, mikono myeusi, hafanyi kitu. Wateja walikuwa wamekwisha kumkimbia.

"Madam, mimi nimezaa watoto wangu hapa hapa," akasema. "Ukinikuta na makosa, nitabeba vitu vyangu mwenyewe, hakuna haja ya mtu kushika kiberiti. Lakini nipime ukweli. Usinipime maneno."

"Nitapima hewa, Mutua. Hewa haijui jina lako."

"Haya. Na Jumamosi usije kunitafuta. Jumamosi ni Sabato, nafunga kibanda."

Nilifungua daftari nikaandika: Jumamosi, amefunga. Sikujua bado nimeandika nini.

Niliweka chombo cha ukanda juu ya paa la Mghoi, katikati ya nyumba zote, baina ya kibanda cha Mutua na nyumba ya jirani ambapo palikuwa na mzazi ndani. Pampu yetu ilitumia betri ya lori, kwa hiyo niliivuta mbali kwa waya mrefu, upande upepo unakokwenda, na kijiji kizima kikasimama kuangalia mama mtu mzima akitembeza betri kama mbuzi wa kuuza.

"Sasa yeye mwenyewe ameleta betri," mmoja akanong'ona, kwa sauti ya kusikika.

"Ndiyo maana naipeleka mbali, mwanangu," nikamjibu. "Njoo unishikie waya."

Akaja akaushika.

Juma likaisha. Nilikata ukanda, nikaufunga pamoja na mwenzake mtupu, nikautuma, nikawaandikia wale wa ng'ambo kwamba huu si wa utafiti, kuna watoto wanaungojea. Waliuweka mbele ya kazi zao. Lakini hata haraka ina urefu wake. Nilipita kijijini mara kwa mara ili wasidhani nimewatoroka. Katika kungoja huko Mkamburi, binti yake Mghoi aliyekuwa amerudi kwa mama yake kujifungua, alipata mtoto wa kike. Mghoi aliniita nimwone. Mtoto alikuwa na nywele nyingi, na ngumi ndogo zimefungwa kama anayetaka kugombana. Mghoi alimnyanyua mbele yangu.

"Huyu," akasema, "huyu usimcheleweshee jibu."

Jibu likaja. Nilifungua mchoro peke yangu, chai imepoa mezani. Risasi ilikuwepo. Si tele, lakini wazi, na kile kitupu kilikuwa safi. Nikaanza kupanga saa. Kama ilitoka kibandani kwa Mutua, ilipaswa kupanda mchana, anapoyeyusha na kugonga. Mchana ilikuwa chini. Ilipanda alfajiri, ikashuka, ikapanda tena alasiri jua likielekea Taveta. Jumamosi, kibanda kimefungwa, ilipanda vile vile. Na kila ilipopanda, potasiamu ilipanda nayo, bega kwa bega.

Sikuuamini usomaji wangu. Niliuchukua mchoro nikapanda Ronge kwa Bwana Mwandoe. Alikuwa ameanza kuugua, amekaa kwenye kiti cha kamba nje ya nyumba, blanketi magotini. Hakunisalimia kirefu.

"Kilima cha pili?"

"Kipo."

"Nionyeshe." Aliutazama, uso karibu na karatasi. "Si arseniki. Ni risasi." Kisha akafuata saa kwa kidole, alfajiri, alasiri, alfajiri, alasiri. Kidole kikasimama. "Wakesho, huu si mdundo wa fundi. Huu ni mdundo wa sufuria."

"Nimeona hivyo. Ndiyo maana nimekuja. Nilitaka uniambie nimekosea."

Alikunja karatasi polepole akanirudishia. "Hukukosea," akasema. "Nenda leo. Na uende na maneno mazuri."

Nilifika kwa Mghoi chakula cha jioni kikiwa jikoni. Mlango wa jiko ulitazamana na chumba cha Mkamburi, hatua chache tu, ili mzazi apate joto. Sufuria ya maji ya kumwogeshea mtoto ilikuwa motoni. Kando ya mafiga, zimepangwa vizuri kwa urefu, kulikuwa na mbao. Si matawi. Mbao kavu, bapa, na upande mmoja wa kila ubao ulikuwa na rangi ya kale, njano imekolea uchafu, inabanduka kama magamba ya samaki.

"Mghoi, kuni hizi ni za wapi?"

Alifurahi nilivyouliza. Alizipenda kuni zile.

"Hizi ni kuni za mzazi! Lile ghala kuukuu karibu na reli lilipobomolewa, walisema anayetaka mbao achukue. Tulibeba sisi wanawake, vichwani, siku kadhaa. Nikawaambia hizi hakuna kuzichezea, tunawawekea wazazi tu. Zimekauka, zinashika upesi, hazimpigi mtoto moshi machoni. Sisi wengine tunapikia miti ya porini, inatutoa machozi, haidhuru."

Nimefanya kazi hii karibu maisha yangu yote, na sijawahi kusikia kitu kilichoniumiza kama maneno yale. Kuni mbaya walijipikia wenyewe. Zilizo bora kuliko zote waliwapelekea wanawake wenye watoto wachanga, nyumba baada ya nyumba, kwa zamu.

Nilimwomba akae. Hakukaa. Kwa hiyo nikamweleza akiwa amesimama na mwiko mkononi, kama nilivyowaeleza nyinyi: kichujio, mwale, vilima, saa. Nilimwonyesha Jumamosi. Nilimwambia rangi za zamani zilitiwa risasi ili zidumu, na kwamba zikiungua risasi inatoka na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu. Nilitaka alifikie jibu mwenyewe kidogo kidogo, lisimwangukie. Lakini Mghoi alikuwa mwepesi wa kuelewa, alifika kabla yangu.

"Unasema mtoto wa Saumu nimemuua mimi."

"Sisemi hivyo. Yule mtoto hakupimwa, na hakuna atakayeweza kusema kwa hakika kilichomchukua. Nasema mbao hizi zina sumu, na wewe hukujua, wala mimi nisingejua kwa kuzitazama."

"Mimi ndiye niliyezichagua."

"Ulichagua zilizo kavu."

"Wakesho, ni mimi. Nilimpelekea mpaka mlangoni. Nilimwambia, mwanangu, hizi hazina moshi."

Kisha akainama, akavuta ubao uliokuwa ukiwaka akauzima mchangani, na mwingine, na mwingine, mpaka jiko likawa jeusi na maji ya mtoto yakaacha kuchemka. Chumbani Mkamburi aliuliza, "Mama, kuna nini?" Mghoi alijifuta mikono kwenye leso.

"Mtoe Mkamburi na mtoto, mwende hospitali sasa hivi," akaniambia. "Mimi naenda kwa Saumu."

"Niende nawe nimweleze."

"Hapana. Hiyo karatasi yako kaa nayo. Hili nitalisema kwa mdomo wangu."

Nilitafuta gari la kumpeleka Mkamburi, na lililopatikana upesi lilikuwa pikapu ya Mutua. Alikuja bila kuuliza. Nilimweleza njiani kwamba si yeye, naye akauliza tu, "Mtoto anapumua vizuri?" Nikamwambia anapumua. Akaongeza mwendo.

Ya kwa Saumu sikuyaona. Nilisimuliwa baadaye na Saumu mwenyewe. Mghoi aliingia akakaa sakafuni, yeye ambaye kila nyumba humpa kiti, akamweleza yote tangu ghala mpaka mlango. Saumu alisikiliza. Kisha akauliza, "Wenye watoto wengine wamekwisha kuambiwa?"

"Bado. Nimeanza kwako."

"Basi simama twende. Kuna wanaopika sasa hivi."

Wakaenda wawili, mlango kwa mlango, jioni ile, wakizima mioto. Nimeona maprofesa wakieleza matokeo yangu kwenye kumbi kubwa zenye vipaza sauti. Hakuna aliyeyaeleza kama wanawake wale.

Yaliyofuata ni ya kazi, nitayasema upesi kwa ajili yenu mtakaoyakuta tena. Nilituma kipande cha rangi, na mwale ukathibitisha. Afisa wa afya aliamuru mbao zizikwe, zisichomwe. Mkumbuke majivu: watu wa kwetu hunyunyizia sukuma wiki majivu kufukuza wadudu, kwa hiyo mboga zile ziling'olewa na udongo wa juu ukaondolewa. Mutua naye hakuachwa. Afisa alimwambia asirudi nyumbani na nguo za kazi, na anawe kabla ya kushika mtoto. Alikubali. Wale vijana waliotaka kumfukuza hawakumwomba radhi, walimletea betri zao azitengeneze, nadhani ndivyo vijana wanavyoomba radhi. Majibu ya damu nayo yalionyesha risasi, watoto wakatibiwa. Wa Mkamburi alirudi nyumbani na ngumi zake. Mmoja alibaki mzito wa kusikia na kusema, na kila ninapomwona namsalimia yeye kwanza.

Bwana Mwandoe alifariki kabla ya mvua za mwaka ule. Nilikuwa nimempelekea habari zote, na alichouliza ni kama nilibeba kichujio kitupu.

Lakini Mghoi aliacha. Hakupanga zamu tena. Akisikia mtu amejifungua, alituma salamu na unga, kuni hakutuma. Wanawake walijaribu kuendeleza wenyewe, ikawa leo mmoja amesahau, kesho wawili wamegongana. Nilimwambia mara nyingi kwamba kosa lilikuwa la rangi, si la mkono. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani.

Saumu alipata mimba tena. Akajifungua salama, mtoto wa kiume. Wakati huo miezi yangu ya kazi ilikuwa inahesabika, na nilikuwa nimerudi kijijini kuweka ukanda wangu wa mwisho juu ya paa la Mghoi, kwa sababu nilitaka kuuona mstari wa mahali pale kabla sijaondoka. Nilikuwa bado juu ya ngazi, kibano mkononi, msichana mmoja alipoingia uwanjani akitweta.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba," Mghoi akajibu. Alikuwa akichambua mchicha. "Kuna nini?"

"Nimetumwa na dada Saumu. Anauliza mbona kuni zake hazijafika."

Mghoi aliacha mikono yake ndani ya ungo. Mimi pia niliacha kazi yangu.

"Mwambie wapo wengine watakaompelekea."

"Nimeambiwa ukisema hivyo nikwambie anataka zako."

Mchicha ulibaki kwenye ungo, nusu umechambuliwa, na kuku mmoja akaja akaanza kuula bila kufukuzwa. Mghoi alisimama, akaingia nyuma ya nyumba, nikasikia panga. Alitoka na mzigo wa matawi ya porini. Aliufungua tena chini, akageuza tawi moja moja, akalikwaruza kwa ukucha mpaka akaona mti mweupe chini ya ganda, akalinusa, akaliweka upande. Alifanya hivyo kwa mzigo wote. Kisha akaufunga kwa kamba ya mkonge, akajitwika, akavuka uwanja.

Ukanda ule ulisomwa nilipokwisha kukabidhi funguo. Mlinitumia mchoro nyumbani, na nawashukuru. Nimeubandika ukutani jikoni kwangu. Alasiri ya siku ile, upepo ukitoka upande wa nyumba ya Saumu, potasiamu inapanda taratibu, inakaa juu kwa muda wa sufuria moja ya maji, inashuka. Mahali pa risasi mstari umelala.